Jina la Windows na Namba Yake: Tutazame Kipi Kabla ya Kununua Kompyuta?



Liko suala ambalo wazazi hutuletea mara kwa mara, nalo si la ada wala la mitihani. Mzazi husema: "Kompyuta niliyomnunulia kijana ina Windows 10. Naambiwa Windows 10 imekwisha. Imekwishaje na ukiiwasha inawaka?" Mwingine ameuziwa mashine kwa maneno kwamba ina "Windows mpya", na mpya hiyo hakuna aliyemwambia ni ya mwaka gani. Pesa ya kununua kompyuta, kwa wengi wetu hapa Bagamoyo, ni pesa ya kudunduliza. Kwa hiyo tumeona katika toleo hili tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, ili kila mtu ajue jina la mfumo ni kitu gani, namba yake ni kitu gani, na kati ya viwili hivyo ni kipi cha kuulizia dukani.

Tuanze na mfumo wenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamka unapowasha kompyuta. Ndiyo inayopokea herufi unazobonyeza kwenye kibodi, ndiyo inayojua faili lako limewekwa wapi kwenye diski, na ndiyo inayoziruhusu au kuzikataza programu nyingine zote. Pasipo mfumo endeshi, mashine ni kasha la bati na nyaya. Mifumo iliyoenea kwenye kompyuta za mezani ni Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, na jamii ya Linux ambayo ndani yake imo Ubuntu. Yote mitatu imebadilishwa majina na namba mara nyingi, na kila mmoja una desturi yake.

Neno "toleo" wanafunzi wanalijua kwa sababu hata jarida hili lina matoleo. Jarida ni lile lile, lakini kila linapotoka huwa na mambo mapya na makosa ya zamani huwa yamesahihishwa. Programu nazo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba jarida la mwaka juzi ukilisoma leo halikudhuru, ilhali mfumo endeshi wa zamani unaweza kukudhuru, kama tutakavyoona mbele.

Windows yenyewe kabla ya kutoka kiwandani haikuwa na jina hilo. Waliokuwa wakiitengeneza waliiita Interface Manager, jina ambalo sisi tunaona lingemkimbiza mnunuzi. Ilipotoka tarehe 20 Novemba 1985 ilikuwa ni Windows 1.0, na kwa miaka kadhaa hesabu ikaenda vizuri: 2, kisha 3.0 mwaka 1990, kisha 3.1 mwaka 1992. Ghafla mwaka 1995 kampuni ikaacha hesabu ile ikaingia katika kalenda. Toleo la Agosti mwaka huo likaitwa Windows 95, likafuatiwa na 98 na 2000. Mwaka huo huo wa 2000 ikatoka nyingine inaitwa Me. Mwaka 2001 wakaacha kalenda wakaingia kwenye herufi: Windows XP. Mwaka 2007 wakachukua neno zima, Vista. Mwaka 2009 wakarudi kwenye hesabu na kusema hii ni Windows 7. Ikaja 8 mwaka 2012, ikaja 8.1 mwaka 2013, kisha mwaka 2015 ikaja 10.

Hapo mwanafunzi yeyote wa darasa la pili ana haki ya kuuliza: na 9 imekwenda wapi? Watu walizua sababu nyingi. Iliyosambaa zaidi ni kwamba programu nyingi za zamani zilikuwa zikitambua Windows 95 na 98 kwa kutazama ile tarakimu 9 peke yake, na kwamba Windows 9 ingezichanganya. Kampuni yenyewe haikuitaja hiyo kuwa ndiyo sababu. Ilitaka tu ionekane kwamba imepiga hatua kubwa, na namba kubwa huuza.

Huku pwani jambo hili halitupigi chenga. Sote tumeona jahazi likivutwa juu ufukweni, likatiwa kalafati, likapakwa rangi na kuandikwa jina jipya ubavuni. Anayelitazama kwa mbali atadhani ni chombo kingine. Fundi aliyelitengeneza ataingia ndani atazame mbao na mataruma, naye atakwambia ni lile lile, au atakwambia limebadilishwa mkuku. Kompyuta nayo ina jina la ubavuni na ina mbao za ndani, na mbao hizo zina namba yake mbali.

Windows tunazozitumia leo zinatokana na ukoo uitwao NT, ulioanza mwaka 1993 na namba 3.1, na namba ya ndani ya ukoo huo haikufuata kalenda wala herufi. Kwa ndani Windows 2000 ni 5.0. XP ni 5.1. Vista ni 6.0. Windows 7, pamoja na jina lake, kwa ndani ni 6.1! Windows 8 ni 6.2, na 8.1 ni 6.3. Ilipofika Windows 10 ndipo jina na namba ya ndani vilipokutana, nayo ikawa 10.0. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021? Kwa ndani nayo ni 10.0. Kinachoitofautisha na kaka yake ni namba ya tatu inayofuata: Windows 10 ya mwisho ni 10.0.19045, na Windows 11 ya kwanza ni 10.0.22000. Ukiona namba hiyo ya tatu ni 22000 au zaidi kwenye kompyuta ya nyumbani, basi hiyo ni Windows 11. Ikiwa chini ya hapo, siyo, hata kama picha ya ukutani na vitufe vyake vimepambwa vifanane na 11.

Kwa nini Windows 7 isiwe 7.0 kwa ndani? Jawabu lake lina faida kwa wanafunzi wetu wa hesabu, kwa hiyo tutalikalia kidogo.

Programu nyingi, kabla ya kukubali kufanya kazi, huuliza mfumo: wewe ni namba ngapi? Anayeandika programu anasema: nikikuta 5.1 au zaidi, nifanye kazi. Nikikuta pungufu, nikatae. Ni sharti jepesi, lakini wengi walilikosea. Waliandika hivi: namba ya kwanza iwe 5 au zaidi, NA namba ya pili iwe 1 au zaidi. Kwenye XP, yaani 5.1, sharti lilitimia. Ilipokuja Vista, yaani 6.0, namba ya kwanza ilitimia lakini ya pili ni sifuri, basi programu ikagoma kwa kudhani mfumo ni wa kizamani. Mtu alinunua mfumo mpya na programu yake ikamwambia mfumo wake ni mzee mno.

Mwanafunzi wa madrasa hawezi kukosea hapo akikumbuka namna tunavyotaja sura na aya. Ayatul Kursiyy tunaiandika 2:255, yaani sura ya pili, aya ya 255. Sasa mtu akiuliza, je 3:1 iko mbele ya 2:255 au nyuma yake? Hata mtoto wa darasa la kwanza atakwambia iko mbele, kwa kuwa Aal Imran inafuata baada ya al-Baqara. Hatutazami aya kwanza. Tunatazama sura, na sura zikilingana ndipo tunatazama aya. Waandishi wale wa programu walitaka sura iwe kubwa na aya nayo iwe kubwa, ndipo wakaikosa 3:1.

Microsoft, baada ya kuona tabu hiyo kwenye Vista, haikutaka kuibadilisha tena namba ya kwanza. Ikaiacha 6 na kuongeza ya pili tu, ili programu zilizokwisha kuizoea Vista zisishtuke. Jina likawa 7 kwa ajili ya soko, na namba ikawa 6.1 kwa ajili ya kazi.

Mfano huo huo wa sura na aya unatatua jambo la pili linalowatatiza watoto, nalo ni nukta. Katika hesabu za shule 10.9 ni kubwa kuliko 10.10, kwa kuwa 10.10 ni sawa na 10.1. Katika namba za matoleo nukta ile si ya desimali hata kidogo. Ni kitenganishi tu, kama zile nukta mbili kati ya sura na aya. Al-Baqara ina aya 286, na aya ya 30 haiko mahali pamoja na aya ya 3 kwa sababu ya sifuri! Kampuni ya Apple ilitoa mfumo wake 10.9 mwaka 2013, na mwaka 2014 ikatoa 10.10, toleo la kumi baada ya la tisa. Anayesoma kwa desimali atadhani wamerudi nyuma.

Apple nao wana kisa chao, tutakipitia haraka kwa kuwa mashine zao huku kwetu ni chache. Mfumo wao wa mwaka 2001 uliitwa Mac OS X, na ile X ni kumi ya Kirumi, si herufi. Matoleo yakapewa majina ya wanyama wa jamii ya paka: duma, chui, simba na wengineo, kwa Kiingereza. Mwaka 2012 neno Mac likaondolewa, ikabaki OS X. Mwaka 2013 wanyama wakaisha, ikawa ni majina ya mahali katika jimbo la California. Mwaka 2016 jina likageuka macOS. Mwaka 2020 wakatoka kwenye kumi waliyokaa nayo karibu miaka 20, wakaingia 11, kisha 12, 13, 14 na 15. Mwaka 2025 kutoka 15 wakaruka moja kwa moja hadi 26, yaani wameamua kufuata mwaka, kama wauza magari wanavyofanya. Asiyejua atadhani amepitwa na matoleo 11, na kumbe amepitwa na moja tu.

Sasa tuingie kwenye mfumo ambao namba zake, kwa maoni yetu, ndizo za kweli kuliko zote. Nao ni Ubuntu.

Jina lake ni la Kiafrika. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2002 alikwenda anga za juu. Katika lugha ya Kizulu, umuntu ni mtu, abantu ni watu, na ubuntu ni ule utu wenyewe. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Tukiondoa viambishi, neno letu utu na neno lao ubuntu ni ndugu wa baba mmoja. Mfumo huu umejengwa juu ya Linux, ambayo nayo ilikaribia kupata jina jingine: Linus Torvalds wa Finland alipoiandika mwaka 1991 alitaka kuiita Freax, na mtu aliyempa nafasi ya kuiweka kwenye mtandao ndiye aliyeliandika folda lake "linux". Jina likashika.

Namba za Ubuntu ni mwaka na mwezi. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, basi likaitwa 4.10. Lililofuata la Aprili 2005 likaitwa 5.04. Hakuna kubuni wala kupamba. Ukiambiwa 24.04 unajua ni Aprili 2024 pasipo kumuuliza mtu. Na uaminifu wao ulijaribiwa mapema: toleo lililotarajiwa Aprili 2006 lilichelewa kwa miezi miwili, nao hawakulitoa Juni wakaliandika 6.04 kama lilivyotangazwa. Waliliandika 6.06. Ni wafanyabiashara wangapi wangefanya hivyo?

Kila toleo lina pia jina la utani, la sifa na mnyama. La kwanza lilipewa jina la ngiri mwenye sugu, na ngiri si mgeni kwa yeyote aliyefika Saadani. Baadaye wakaja korongo, muhanga na hata konyeza wa baharini. Kuanzia lile la 2006 majina yalikwenda kwa mpangilio wa alfabeti. Mafundi huyatumia sana majina haya, kwa hiyo ukisikia fundi anataja mnyama usimcheke, muulize tu namba yake.

Mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, uliosaidiwa na Sweden, wa kuzifanya programu huria ziseme Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka huo wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu ambayo amri zake zote ni za Kiswahili. Hii haikuwa mfumo endeshi, lakini tunaitaja kwa sababu nayo ilibatizwa upya: ilikuwa ni OpenOffice ile ile inayotumika duniani, ikapewa jina jipya kwa sababu kweli ndani mlikuwa na kitu kipya. Kuhusu lile neno Jambo, wazee wetu wa hapa watatuwia radhi. Mtu wa pwani husema hujambo, na "jambo" peke yake tunawaachia watalii. Microsoft nayo baada ya hapo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Office 2003 na Windows XP. Hapo jina halikubadilika hata kidogo, na lugha nzima ilibadilika.

Turudi sasa kwa mzazi wetu wa mwanzo na mashine yake inayowaka ilhali anaambiwa imekwisha.

Kila mfumo una makosa ndani yake, na wezi wa mtandaoni huyatafuta. Kampuni hutoa viraka kila mwezi vya kuziba matundu hayo. Lakini haizibi milele. Kila toleo lina siku ya mwisho iliyotangazwa, na baada ya siku hiyo tundu likionekana halizibwi tena. Windows XP siku yake ilikuwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilikuwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Na Windows 10 ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kwa watu wa nyumbani waliojiandikisha kampuni iliongeza muda hadi Oktoba 2026. Mashine haizimiki siku hiyo. Inawaka, inaandika, inacheza video. Kinachokoma ni ulinzi. Kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti wala kuchomekwa flashi za watu, hatari ni ndogo. Kwa ile ambayo baba anaingilia benki na mtoto anapakulia michezo, hatari ni kubwa.

Linalouma zaidi ni kwamba mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema hadharani kuwa Windows 10 ndiyo Windows ya mwisho, kwamba itakuwa ikisahihishwa tu pasipo kubadilishwa jina. Miaka 6 baadaye ikaja 11. Na hii 11 haikubali kila mashine. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa upande wa Intel ni za kizazi cha 8 na kuendelea isipokuwa chache, yaani zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Mashine nyingi za mitumba zinazokuja kwetu ni za kabla ya hapo. Muuzaji anaposema "utaibadilisha tu baadaye", mwulize prosesa ni ya kizazi cha ngapi kabla hujatoa fedha.

Kuangalia mfumo wenyewe si kazi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kutatokea kidirisha chenye jina na namba. Utaona pia kitu kama 22H2, na maana yake ni mwaka 2022, nusu ya pili. Huo ni mtindo wa karibu na ule wa Ubuntu. Zamani kidogo waliandika mwaka na mwezi, mpaka likatokea toleo la mwaka 2020 lililoitwa 2004, na watu wakadhani ni la mwaka 2004. Ukitaka namba kamili ya ndani, fungua cmd kisha andika ver. Fanya haya dukani, mashine ikiwa imewashwa, mbele ya muuzaji. Asiyetaka uyafanye, muage kwa heshima uende duka jingine.

Na mashine iliyokwisha kununuliwa, isiyokubali 11? Isitupwe. Ubuntu 24.04 ni ya matoleo yanayotunzwa muda mrefu, nayo viraka vyake vya kawaida vimeahidiwa kwa miaka 5 tangu ilipotoka, bila malipo. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi pasipo kugusa kilichomo kwenye diski, ukaitazama, ukajaribu kuandika nayo, ukiipenda ndipo ukaiweka moja kwa moja. Yenye RAM ya GB 4 itaibeba kwa shida kidogo. Yenye GB 2 iwekewe Lubuntu, ambayo ni nyepesi zaidi na namba zake ni hizo hizo za mwaka na mwezi. Programu za ofisi zinapatikana humo pia. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, kama baadhi ya zile za mahesabu ya duka, hazitafanya kazi humo, na mwenye kuzitegemea asiharakishe.

Atakayetaka kujaribu aje na mashine yake chumba cha kompyuta siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Aje na flashi tupu ya GB 8 au zaidi, na mafaili yake muhimu awe ameshayanakili mahali pengine. Watoto waje na wazazi wao.